Afya ya Jamaa: Sikio Lililopasuliwa Mara ya Pili

Wazee walituachia methali isemayo: «Mwenye kovu usidhani kapoa.» Katika habari ya juma hili methali hiyo ni ya kweli kabisa. Tunataka kusema juu ya watu waliowekewa chombo cha kusikia ndani ya kichwa, kisha chombo kile kikaharibika au kikaleta ugonjwa, wakapasuliwa tena ili wapewe kingine. Wengi wetu, tukiona jeraha limefunga na nywele zimeota juu yake, husema: «Basi, kazi imekwisha.» Sivyo. Kupasuliwa mara ya pili kuna taabu zake, na nyingi hujionyesha nyumbani, mbali na macho ya mganga. Ni nani basi atakayeziona? Ni baba na mama, ni mwalimu darasani, ni wenzake wa mchezo. Kwa sababu hiyo tunawaandikia ninyi.

CHOMBO CHENYEWE NI NINI?

Ndani kabisa ya sikio mna kijumba cha mfupa kilichojizungusha kama nyumba ya konokono. Ukubwa wake haupiti punje ya njegere. Mle ndani mna maji, na katika maji hayo mna vijinywele vya kusikia, karibu 15,000. Sauti ikigonga kiwambo cha sikio, maji hutikisika, vijinywele huinama, na mshipa wa kusikia hupeleka habari mpaka ubongoni. Vijinywele hivyo vikifa haviwezi kuota tena. Huenda vikafa kwa sababu ya homa ya uti wa mgongo, au kwa dawa nyingine kali za sindano, au mtoto amezaliwa navyo vikiwa vibovu.

Hapo ndipo chombo huja kufanya kazi mahali pa vijinywele. Kina sehemu mbili. Ya nje hukaa nyuma ya sikio. Hunasa sauti na kuipitisha katika kisahani kinachoshikwa na sumaku juu ya ngozi. Ya ndani hulala chini ya ngozi, na kutoka kwake unatoka uzi mwembamba sana unaoingia ndani ya konokono ya sikio. Juu ya uzi huo mna ncha ndogo za madini zipitishazo umeme, ziitwazo elektrodi: kwa namna fulani 12, kwa nyingine 16 au 22. Umeme mdogo huugusa mshipa wa kusikia wenyewe, na ubongo hujifunza polepole kuufahamu kama sauti. Kufika mwaka 2022, vyombo zaidi ya 1,000,000 vilikuwa vimekwisha kuwekwa duniani.

Tufahamu vizuri: chombo hakiponyi uziwi. Ukikitoa, mtu ni kiziwi tena. Na kwa kuwa kimetengenezwa na mikono ya watu, chaweza kuharibika.

MGONJWA WA KWANZA

Habari hii ya kupasuliwa tena si mpya. Ina umri sawa na chombo chenyewe. Mwaka 1957, katika mji wa Paris, mganga wa masikio Charles Eyriès alikuwa na mgonjwa aliyepoteza kusikia kwa masikio yote mawili, na mshipa wa uso wake nao ulikuwa umeharibika. André Djourno, mjuzi wa mambo ya umeme katika mwili, alikuwa ametengeneza koili ndogo ya kuwekwa chini ya ngozi. Tarehe 25 Februari, Eyriès alipoutengeneza mshipa wa uso, aliiweka pia koili ile na kuigusisha ncha yake na mshipa wa kusikia.

Mgonjwa akasikia! Hakusikia kama sisi tusikiavyo, bali milio kama ya nyenje. Kwa mazoezi akaweza kutofautisha maneno machache mepesi, kama «papa», «maman» na «allo». Lakini baada ya muda waya ulikatika. Wakampasua tena, wakaweka kingine, nacho hakikudumu. Eyriès akakataa kupasua mara ya tatu, na kazi ya mabwana wale wawili ikavunjika. Angalieni: mtu wa kwanza kusikia kwa njia ya umeme ndiye pia wa kwanza kupata sauti na kunyang'anywa.

Mwaka 1961, huko Los Angeles katika Marekani, mganga William House naye alianza kuweka vyombo, akalazimika kuvitoa baada ya muda mfupi, maana mwili haukupatana na vitu vilivyotumika. Baadaye wakaja wengine: Ingeborg na Erwin Hochmair katika Vienna mwaka 1977, na Graeme Clark katika Melbourne mwaka 1978, wakaendeleza chombo chenye elektrodi nyingi. Chombo cha siku hizi ni bora mara nyingi kuliko vile vya kwanza, na wengi hukaa nacho miaka na miaka bila taabu. Hata hivyo hakuna chombo kisichochakaa.

KWA SABABU GANI HUBADILISHWA?

Katika hospitali nyingi zilizoandika hesabu zao, watu 5 mpaka 8 hivi kwa kila 100 walipasuliwa tena katika miaka iliyofuata. Kwa watoto hesabu hiyo mara nyingi hupanda, maana mtoto hukimbia, huanguka, hugonga kichwa.

Sababu iliyo kubwa kupita zote ni kuharibika kwa chombo chenyewe. Pengine hufa ghafula, kama taa inayozimika. Mwezi wa Septemba 2011 kiwanda kimoja cha Australia kilirudisha vyombo vyake vya namna moja, kwa kuwa unyevu ulipenya ndani yake. Mwezi wa Februari 2020 kiwanda kingine kilifanya vivyo hivyo, kwa sababu maji ya mwili yaliingia penye elektrodi. Pengine chombo hufa polepole: sauti hupungua, maneno huchanganyika, au maumivu huja, ijapokuwa kipimo cha mganga husema yote ni mema. Ubovu wa namna hii ni mgumu kuutambua.

Sababu nyingine ni usaha chini ya ngozi. Ngozi iliyokonda mpaka chombo kikaonekana. Uzi wa elektrodi uliosogea kutoka mahali pake. Au pigo kichwani. Mtoto aliyewekewa chombo akiwa na mwaka 1 ana maisha marefu mbele yake. Wazazi wake wasishangae siku moja wakiambiwa kwamba chahitaji kubadilishwa. Si adhabu, wala si kosa la jamaa.

MGANGA HUKUTA NINI?

Mara ya kwanza mganga hufanya kazi penye nyama safi. Mara ya pili hukuta kovu. Mwili umekwisha kuufunika uzi wa zamani kwa ngozi ngumu, na pengine mfupa umeota ndani ya konokono ya sikio, hasa kwa yule aliyekuwa kiziwi kwa homa ya uti wa mgongo. Kwa hiyo mganga mwenye ujuzi hautoi uzi wa zamani upesi. Kwanza hutengeneza kila kitu kwa kile kipya; ndipo huuvuta wa zamani na kuingiza mpya mara moja, kabla njia haijajifunga.

Kama kuna usaha, kazi huwa ya safari mbili. Vijidudu hujifunika juu ya chombo kwa utelezi wao, na dawa haipenyi. Pengine mganga hukitoa chombo, akaukata uzi na kuuacha kipande ndani ya konokono ili kushika njia. Mgonjwa hungoja kwa miezi mpaka ugonjwa utoweke, kisha huwekewa kingine. Jamaa inayoona mtoto ametoka hospitalini bila chombo isidhani kwamba mganga ameshindwa. Ni busara ya kazi yake.

TABU ZINAZOWEZA KUFUATA

Tuzihesabu moja moja, ili kila mzazi azijue.

1. Kizunguzungu. Konokono ya sikio ni jirani ya viungo vinavyotusimamisha sawasawa. Kwa siku chache, pengine kwa majuma, mgonjwa huyumba. Asipande ngazi wala baiskeli, asiende peke yake mtoni.

2. Ulimi kubadilika. Mshipa mdogo wa kuonja chakula hupita karibu na mahali pa kupasua. Mgonjwa husema chakula kina ladha ya chuma. Mara nyingi hupona polepole.

3. Uso kulegea. Mshipa wa uso nao hupita hapo hapo. Ni watu wachache sana wanaopatwa na jambo hili, lakini likitokea ni la haraka. Mkiona mdomo umekwenda upande, au jicho halifumbi, nendeni kwa mganga siku ile ile. Ulegevu unaokuja siku kadhaa baada ya kupasuliwa mara nyingi hupona kwa dawa.

4. Jicho au shavu kurukaruka kila chombo kinapowashwa. Hapo umeme umegusa mshipa wa uso. Fundi wa vyombo aweza kupunguza nguvu ya elektrodi fulani au kuizima. Msimwache mtoto ateseke kwa kudhani ni tabia.

5. Jeraha kuvimba, kuwa jekundu, kutoa harufu au maji. Ngozi iliyokatwa mara mbili ni dhaifu. Wekundu chini ya kisahani chenye sumaku huonya kwamba sumaku inabana mno. Vueni sehemu ya nje, mwoneni fundi. Msipake majani wala mafuta.

6. Maji meupe kama maji ya kisima yanayotiririka puani au sikioni, hasa mgonjwa akiinama. Pengine si mafua, bali ni maji yanayozunguka ubongo, nayo yamepata mlango. Hapo msingoje hata siku moja.

7. Homa ya uti wa mgongo, iitwayo pia menenjiti. Hii ndiyo kubwa kupita zote, na tutaisema peke yake.

8. Elektrodi kutoingia zote, au chombo kipya kuharibika tena. Hapo mtu husikia, lakini si kama alivyotumaini.

HOMA SI MALARIA SIKU ZOTE

Wazazi, sikieni sana neno hili. Kwetu mtoto akipata homa tumezoea kusema: «Ni malaria,» na kumpa vidonge vilivyobaki katika sanduku. Kwa mtoto mwenye chombo kichwani mazoea hayo yaweza kuua. Njia iliyofunguliwa kutoka sikio la kati mpaka konokono ya ndani iko karibu na ngozi za ubongo, na vijidudu vyaweza kuifuata.

Jambo hili lilionekana wazi mwaka 2002. Waganga wa Marekani walichunguza watoto 4,264 waliowekewa vyombo wakiwa chini ya miaka 6, wakakuta 26 kati yao walipatwa na menenjiti ya vijidudu. Waliokuwa na chombo chenye kipande cha kuusukuma uzi ndani ya konokono walikuwa katika hatari zaidi, na kipande hicho kikaachwa mwaka ule ule. Toka wakati huo waganga wanasisitiza chanjo: mwenye chombo apewe chanjo ya vijidudu vya pneumokoki na nyingine zinazofaa umri wake, tena kabla ya kupasuliwa.

Basi mtoto akiwa na homa pamoja na shingo ngumu, au kutapika, au kuumwa kichwa sana, au usingizi usio wa kawaida, mpelekeni hospitalini mara moja, hata usiku. Semeni mlangoni: «Huyu ana chombo ndani ya sikio.» Malaria itapimwa vilevile, maana aweza kuwa nayo pia, lakini mganga ajue kutafuta yote mawili. Na sikio lenye chombo likiuma au kutoa usaha, litibiwe upesi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MAJUMA YA UKIMYA

Kuna taabu nyingine isiyoonekana katika kipimo chochote. Baada ya kupasuliwa, mara nyingi chombo kipya hakiwashwi mara moja; hungojwa majuma 2 mpaka 4 ili jeraha lipone. Mtoto aliyezoea kuisikia sauti ya mama yake anaamka katika ukimya. Hajui kwa nini. Huenda akadhani ameachwa hivyo milele.

Mwandaeni mapema. Mwonyesheni katika kalenda siku ambayo chombo kitawashwa, na kila jioni afute siku moja. Semeni naye mkimtazama usoni, kwa ishara, kwa picha, kwa maandishi kama ameanza masomo. Wako wazazi wanaozikataza ishara, wakiogopa kwamba mtoto hatajitahidi kusema. Lakini katika majuma hayo, mtoto asiye na ishara hata moja amefungiwa katika nyumba isiyo na mlango. Katika mji ule ule wa Paris, karibu miaka 200 kabla ya Djourno na Eyriès, padre Charles-Michel de l'Épée aliwafundisha watoto viziwi kwa ishara, naye aliona kwamba akili zao ni timamu kama za wengine. Ishara ni msaada kwa mwenye chombo pia, siku chombo kinapozimika.

Siku ya kuwasha, msitazamie miujiza. Sauti huwa ngeni: nyembamba, au kama chuma, au kubwa mno. Fundi atapima upya kila elektrodi, na atarudia mara kadhaa. Wengi hurudi pale walipokuwa zamani, na wengine husikia vizuri zaidi, baada ya majuma au miezi. Wengine hawafiki, hasa kama mfupa umeota ndani au elektrodi hazikuingia zote. Hao wasidharauliwe. Hawakushindwa wao, ni njia iliyokuwa imefungwa.

MTOTO ANAYEKATAA CHOMBO

Sasa tunafika penye jambo tunalotaka mlishike kuliko yote. Mtoto aliyekuwa akivaa chombo chake kwa furaha anaanza kukivua. Analia asubuhi kikiwashwa. Darasani hajibu tena. Mama asema: «Amekuwa mkaidi.» Mwalimu asema: «Amekuwa mvivu.» Fimbo inatafutwa.

Ngojeni kwanza! Mtoto mdogo hana maneno ya kusema: «Umeme wa elektrodi hii unaniuma,» au: «Sauti zimekatika toka juzi.» Neno lake ni kukivua tu. Kukataa kwake ni habari anayoileta, kama vile kilio ni habari ya njaa. Kwanza badilisheni betri na waya wa nje. Isipofaa, tazameni ngozi. Kisha mpelekeni kwa fundi apime chombo, na kwa mganga apige picha aone kama uzi umesogea. Na kipimo kikisema yote ni mema, lakini mtoto anaendelea kurudi nyuma katika kusikia na kusema, wazazi warudi tena, waeleze tena, bila haya. Ubovu ule wa polepole hutambulikana zaidi kwa ushuhuda wa watu wanaokaa naye kila siku.

Kwa hiyo tunashauri: wekeni daftari ndogo. Andikeni tarehe, na jambo mlilogeuka kuliona: «Leo hakuitika jina lake.» «Leo alishika kichwa.» Daftari hiyo ni ya thamani kwa mganga.

KWA JAMAA ZINAZOKAA MBALI

Katika Afrika ya Kusini kazi hii ilianza katika hospitali ya Tygerberg mwaka 1986. Katika Tanzania, hospitali ya Muhimbili iliianza mwaka 2017. Mgonjwa aendapo mbali kupasuliwa hurudi kuishi kwetu, na taabu zikija humkuta hapa. Kabla ya kuondoka hospitalini, ombeni mambo matatu: karatasi yenye jina na namba ya chombo, orodha ya chanjo alizopewa, na njia ya kumwuliza mganga aliyempasua. Karatasi hiyo itunzwe pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Mwonyesheni karatasi hiyo kila mganga atakayemtibu, hata kwa ugonjwa mwingine. Mashine kubwa ya kupiga picha kwa nguvu ya sumaku yaweza kuing'oa sumaku ya chombo isipotumiwa kwa uangalifu, na kisu cha umeme cha namna fulani, kikitumiwa kichwani au shingoni, chaweza kuharibu chombo na konokono ya sikio pamoja. Kabla ya kukubali, ulizeni pia gharama za betri, waya na safari za kurudi kwa fundi. Maana chombo kisichotunzwa ni mzigo kichwani.

Nanyi wanafunzi, mwenzenu mwenye chombo akirudi masomoni baada ya kupasuliwa, msikinyakue kisahani chake kwa mzaha, msimsukume. Mpeni nafasi mbele karibu na mwalimu. Akiyumba, mshikeni mkono. Akiacha kuitika, msimcheke: nendeni mkamwambie mwalimu. Huenda ninyi mkawa wa kwanza kuona, na mkimwambia mapema, mtoto atapelekwa kwa mganga siku hiyo badala ya kungoja mwezi mzima.